Ubuyu wa alfajiri: kulipia, kusubiri, au kuchukua kwenye flashi?

Jumatano ya tarehe 3 Januari 2024 niliamka saa moja asubuhi nikashika simu kabla sijashika mswaki. Kundi letu la WhatsApp lilikuwa limeshachafuka. Usiku ule wa Marekani, Bravo, chaneli ya televisheni ya huko, walikuwa wamerusha sehemu ya mwisho ya msimu wa nne wa Real Housewives of Salt Lake City, kipindi cha uhalisia cha wanawake wenye pesa na magomvi yao. Akina dada wako mapumzikoni Bermuda, na Heather Gay anawaeleza wenzake kwamba Monica Garcia, waliyekula naye na kulia naye msimu mzima, ni mmoja wa waliohusika na Reality Von Tease, ukurasa wa Instagram uliokuwa ukiwaanika. Saa tatu usiku ya New York, wakati wao wa baridi, ni saa kumi na moja alfajiri ya Dar es Salaam. Kipindi kilikuwa kimekwisha muda si mrefu, nami nilikuwa nimeshasimuliwa chote: kwa maandishi, kwa sauti, na kwa vipande vya video vilivyokwisha kuwekewa vichekesho juu.

Kundini tuko wanne. Binamu yangu yuko Minneapolis, shoga yangu yuko London, mwenzetu mmoja yuko Nairobi, mimi niko Sinza, Dar es Salaam. Tunatazama mambo yaleyale, ila kila mmoja anayapata kwa njia yake, za halali na zile nyingine. Kwa hiyo ulinganisho huu hauhusu ni huduma gani ina picha safi zaidi. Unahusu swali ninaloulizwa na shemeji yangu kila akiniona nimeinamia simu: huduma zipo, pesa ya kulipia unayo, ya wizi ya nini?

Shemeji anaamini kila anayechukua cha wizi anapenda kitonga. Wapo wa hivyo. Lakini hawa mashabiki wa riality ninaowajua mimi, tatizo lao kubwa ni saa. Filamu ukiitazama baada ya miezi sita bado ni filamu. Kipindi cha uhalisia ni ubuyu, na ubuyu ukicheleweshwa wiki moja, unaowakuta mdomoni ni wewe peke yako. Wenzako wameshatema kokwa.

Minneapolis: amelipa, na bado anachungulia dirishani

Nianze na binamu, kwa sababu yeye ndiye anayevunja hoja ya shemeji. Analipia Peacock, huduma ya kutazama mtandaoni ya NBCUniversal ambao ndio wenye Bravo. Ilipoanza mwaka 2020 kifurushi cha chini cha kulipia kilikuwa dola 4.99 kwa mwezi. Julai 2025 kilekile chenye matangazo kilipanda hadi dola 10.99. Hajawahi kuacha kulipa. Lakini Real Housewives hurushwa kwanza usiku kwenye chaneli ya Bravo, ya wenye kebo, halafu Peacock hukipata siku inayofuata. Hadi Septemba 2022 cha siku inayofuata kilikuwa Hulu, huduma nyingine ya kulipia; kikahama, na aliyekuwa akilipia Hulu kwa ajili hiyo akabaki ameshika mlango wa chumba kilichohamwa.

Basi kati ya usiku na asubuhi kuna masaa machache ambayo wenye kebo wanapiga kelele mtandaoni na binamu anaziba masikio. Kwenye sehemu za kawaida anavumilia. Siku ya fainali, au siku ya kikao cha mwisho cha kukutanishwa wote wagombane mbele ya mtangazaji Andy Cohen, hawezi. Anatafuta kiungo cha wizi, anatazama kwenye picha yenye ukungu na matangazo ya kamari yanayorukaruka, analala. Asubuhi anafungua Peacock anakitazama upya, safi.

Yaani anaiba kitu alichokwisha kukilipia. Na ukiuliza faida aliyoipata ni ipi, ni usingizi wa amani.

Halafu ona upande wa pili wa mizani. Mwaka 2023, baada ya kashfa ya Vanderpump Rules, kipindi kingine cha Bravo, ambayo mashabiki waliibatiza Scandoval, Peacock iliweka kikao cha mwisho kwa urefu zaidi ya kilichoonekana kwenye televisheni na bila kufuta matusi. Aliyetosheka na nakala ya usiku hakuyaona hayo. Kwa mtu wa Marekani, basi, hesabu ni nyepesi: Peacock inashinda kwa kila kitu isipokuwa usiku mmoja kwa wiki.

London: mwizi aliyekosa kazi

Shoga yangu wa London hana hadithi, na kutokuwa na hadithi ndiyo hoja yenyewe. Mwezi Machi 2016 NBCUniversal walifungua hayu huko Uingereza, Ireland na Australia: huduma ya vipindi vya uhalisia tu, bila filamu wala mpira, na sehemu mpya zinaingia siku ileile zinaporushwa Marekani. Anaamka, anaweka chai, kipindi kipo. Nilipomuuliza kama amewahi kuchukua Housewives ya wizi alinijibu kwa swali: kwa nini nijisumbue? Huyu ni mtu ambaye tulipokuwa chuo alikuwa na diski mbili za nje zilizojaa vitu visivyo na risiti.

Hakuongoka. Alifunguliwa mlango.

Dar na Nairobi: mlango uliopakwa rangi ukutani

Sasa tuje kwetu. Peacock haifunguki hapa. Ni ya Marekani na maeneo yake. Unaweza kuwa na kadi ya benki yenye dola ndani, ukakaa mbele ya ukurasa wao na usiwe na pa kubonyeza. Anayewaza VPN, ile programu ya kuonekana uko nchi nyingine, akiwa Tanzania akumbuke kwamba Oktoba 2023 TCRA, mamlaka yetu ya mawasiliano, walitaka kila anayetumia VPN ajiorodheshe kwao ifikapo tarehe 30 ya mwezi ule. Maana yake hata ile njia ya katikati, ya kulipa pesa halali kupitia dirisha lisilo lako, imekaa vibaya: huduma yenyewe haikuruhusu, na mamlaka ya mawasiliano inataka jina lako.

Misimu hufika, usiniambie haifiki. Mimi nimeipata kwenye king'amuzi na kwenye programu za hapa Afrika. Ila kwa uzoefu wangu inafika imeshapoa, wakati mwingine msimu wa tano upo na wa nne haupo, na hakuna anayekuambia wa nne utakuja lini. Huduma moja niliyokuwa nalipia iliwahi kuondoa msimu nikiwa katikati yake. Nilibakiza sehemu tatu. Nililipa mwezi uliofuata nikidhani ni hitilafu ya mtandao.

Hapo ndipo anapoingia kijana wa flashi. Kila mtaa anaye: kompyuta moja, feni moja, bango la muvi mpya, na daftari la wateja. Wengine siku hizi hawana hata duka, wana chaneli ya Telegram, ambako faili moja linaweza kufika gigabaiti mbili bila kulipia, na sehemu ya dakika arobaini na kitu iliyobanwa haifiki hata robo ya hapo. Mtu mmoja anapakua, watu kumi wanarushiana simu kwa simu kwa programu ya Xender bila kugusa bando la mtu. Kwa hapa kwetu usichukulie jambo hili kwa wepesi. Netflix wenyewe wanasema video ya HD inakula hadi gigabaiti 3 kwa saa. Mtu anayenunua bando la siku haoni ada ya mwezi kama gharama kuu. Gharama kuu inakaa kwenye laini yake ya simu, na huduma halali inamlipisha mara mbili, kwa picha na kwa njia ya kuifikia picha.

Nakala ya flashi ina kasoro zake na nimezionja zote. Maneno ya kwenye skrini yamekatwa. Sehemu ya tisa imeandikwa ya kumi. Kikao cha mwisho kina sehemu tatu, unapewa ya kwanza na ya tatu. Tovuti zake zinakufungulia kurasa nne za kamari kabla ya kukupa unachotaka, na zile programu unazoambiwa uzipakue nje ya duka rasmi la simu sikushauri kabisa: simu hiyohiyo ndiyo yenye M-Pesa yako. Na wala usidhani njia hii haina foleni. Novemba 2024, wakati wa KCSE, mtihani wao wa kidato cha nne, Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya iliagiza Telegram ifungwe saa za mitihani ili kuzuia udanganyifu, na mwenzetu wa Nairobi akakaa anazungushwa kama mteja wa kawaida.

Ila linganisha vizuri. Kwa Salt Lake City, mtu wa Sinza hachagui kati ya halali nzuri na haramu mbovu. Anachagua kati ya haramu mbovu leo na halali ambayo haina tarehe.

Netflix: hapa sioni sababu ya kuiba

Tofauti inaonekana ukikitazama kipindi cha kwetu wenyewe. Young, Famous & African, chenye Diamond Platnumz wetu na Zari wa Uganda, kilitoka Netflix tarehe 18 Machi 2022, dunia nzima kwa dakika moja, sehemu zote. Kwa saa za kwetu ilikuwa saa nne asubuhi. Hakuna aliyekuwa mbele ya mwenzake. Johannesburg, Kampala na Tandale walikuwa mstari mmoja. Siku ile kundi letu halikuwa na wa kumwagia wenzake chochote, isipokuwa yule asiyelala aliyemaliza zote kabla ya jioni.

Bei nayo ilishuka. Mwanzoni mwa 2023 Netflix ilipunguza vifurushi katika nchi nyingi za Afrika, na Kenya kile cha simu kikawa shilingi 200 kwa mwezi. Hata kabla ya hapo walikuwa wamewapa Wakenya mpango wa bure kwa simu za Android, ulioanza Septemba 2021 na kufungwa Novemba 2023. Suala la bando lina dawa pia, ingawa wengi hawaigusi: ndani ya programu ya Netflix ya simu kuna mpangilio wa kuokoa data, na wenyewe wanakadiria saa sita kwa gigabaiti moja. Hiyo ni sawa na nakala ya flashi au chini yake. Picha inakuwa ya kawaida, lakini nani anahitaji kuhesabu kope za Zari?

Sisemi Netflix hawakosei. Tarehe 16 Aprili 2023, kwa saa za Marekani, walipanga kurusha moja kwa moja kikao cha mwisho cha msimu wa nne wa Love Is Blind, kipindi chao cha kutafuta wachumba. Huku kwetu ilikuwa saa tisa usiku. Watu waliweka kengele, wakaamka, wakakaa gizani wakitazama skrini inayowaambia wasubiri. Ikapita zaidi ya saa moja, matangazo ya moja kwa moja yakashindikana, wakakirekodi na kukiweka siku iliyofuata na kuomba radhi. Mimi nilirudi kulala nimenuna. Lakini hata siku ile nakala ya wizi isingenisaidia, maana huwezi kuiba kisichoruka.

Nikikuta mtu ana Young, Famous & African kwenye flashi, basi kwake hoja ya shemeji ni ya kweli. Saa hazikumdhulumu, mlango haukufungwa. Alitaka bure.

Nyumba yenye kamera

Big Brother, washindani kufungiwa nyumba moja chini ya kamera, ni mnyama mwingine, na hapa nitazeeka kidogo mbele yenu. Sisi wa umri fulani tuliingia kwenye mambo haya mwaka 2003, Big Brother Africa ya kwanza, Mwisho Mwampamba akishika nafasi ya pili nyuma ya Cherise wa Zambia. Mwaka 2007 Richard akatuletea ushindi. Mwaka 2014 Idris Sultan akachukua dola 300,000, na kipindi hakikurudi tena baada yake. Aliyekuwa na dishi mtaani aligeuka mjumbe wa nyumba kumi. Tulijaa sebuleni kwake, tukala vitafunwa vyake, hakuna aliyeliita uharamia.

Leo mrithi wake machoni mwa watu wengi huku ni Big Brother Naija, iliyorudi 2017 baada ya kimya cha zaidi ya miaka kumi. Msimu mmoja unapita siku 70, kamera hazizimwi, ni zaidi ya saa 1,600 za picha. Nani anaweza kukuwekea hizo kwenye flashi? Anachokupa kijana ni muhtasari wa saa moja, yaani kilichokwisha kuchaguliwa na mtu mwingine. Na shabiki wa kweli wa BBNaija anaishi kwa yale ya saa nane usiku, wawili wananong'ona jikoni wakidhani Afrika imelala. Kura nayo haipigwi kwenye flashi.

Kwa aina hii ya kipindi naona chaguo ni moja tu kati ya mawili: ulipie kifurushi chenye chaneli ya saa 24 kwa hiyo miezi miwili na nusu, halafu ukate, au utazame vipande vinavyowekwa na wenyewe kwenye YouTube, bure na halali. Nakala ya wizi inakaa katikati na haifai upande wowote.

Wakati mwenye kuibiwa ni jirani

Real Housewives of Nairobi ilianza Showmax, huduma ya mtandaoni ya hapa Afrika, tarehe 23 Februari 2023, imetengenezwa na D&R Studios ya Eugene Mbugua, pale pale Nairobi. Vera Sidika, Susan Kaittany, Minne Kariuki na wenzao. Waliobeba kamera ni wa Nairobi, waliopamba ni wa Nairobi, na mwenzetu wa kundi anamfahamu kijana aliyeshika taa.

Hapa mimi mizani yangu huinama, na sitajifanya nina hoja ya kisheria. Ile ipo kwenye Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001 na ya kwetu ya 1999, asome mwenye hamu. Ninachosema ni cha kijima zaidi. Bravo wamekuwa na Housewives tangu 2006. Mimi nisipohesabiwa Sinza, Orange County walikoanzia haitatetereka. Lakini msimu wa Nairobi unategemea kuhesabiwa kwa watu wa Nairobi na majirani zao, kwa sababu hakuna wengine. Kila sehemu ilikuwa ikiingia kwa wiki, kwa saa zetu, kwa mzozo wa watu unaoweza kukutana nao Westlands. Ule ulikuwa ubuyu wa moto uliotuanzia sisi, mara hii London ndiyo ilikuwa inaomba isimuliwe. Hata hivyo sehemu ya kwanza ilinifikia Telegram kabla sijafungua programu. Aliyeituma alikuwa analipia Showmax. Alisema ilikuwa rahisi kuituma kuliko kueleza.

Ni kweli kwamba majukwaa nayo hayatulii. Showmax ilijengwa upya Februari 2024 juu ya mitambo ya Peacock, Comcast, wenye NBCUniversal, wakiwa na asilimia 30, na Septemba 2025 Canal+ ya Ufaransa ikaichukua MultiChoice, kampuni mama ya Showmax. Marekani kwenyewe, Desemba 2022 huduma ya HBO Max iliifuta FBOY Island, kipindi cha uhalisia cha mapenzi, na kuiondoa kabisa kwenye huduma, anayelipa na asiyelipa wakabaki sawa. Wapo mashabiki wanaoweka nakala kabatini kwa hofu hii tu. Siwalaumu, ila nawauliza: mara ya mwisho umerudia kutazama msimu mzima wa ugomvi ambao mwisho wake unaujua ni lini?

Mimi nimechagua hivi

Netflix nalipia kile cha simu, kuokoa data kumewashwa muda wote. BBNaija ikianza nachanga na dada yangu tunalipia king'amuzi chake, namaliza msimu nikiwa nimenenepa kwa chakula cha kwake. Cha Nairobi nilikilipia, hata mwezi ambao sikupata muda wa kutazama. Ungekuwa London ningekuambia hayu na tusizungumze zaidi. Minneapolis, Peacock na kizibo cha masikio kwa usiku mmoja.

Salt Lake City ndiyo sina jibu safi. Kwa sasa natazama vipande rasmi vya Bravo kwenye YouTube, nasubiri msimu ufike, na tumeweka sheria kundini: kipindi kikiruka, hakuna kuandika neno hadi saa mbili usiku ya siku inayofuata kwa saa za Dar. Shoga wa London anaitii. Binamu ameshatolewa kundini mara mbili, na ya pili alikuwa ametuma herufi moja tu, M, na kicheko.